Mtandao ukizimwa, mwananchi aandike

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025 Watanzania walikwenda kupiga kura, na kabla jua halijatua intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Ilianza kurudi Jumatatu ya tarehe 3 Novemba. Katika siku hizo kulikuwa na maandamano katika miji kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakapoteza maisha, matokeo ya urais yakatangazwa na Rais akaapishwa. Mambo mazito kuliko yote katika maisha ya taifa yalipita wakati mwananchi hana njia ya kuona, kuuliza wala kulinganisha habari. Mtandao uliporejea, wengi walipokea ujumbe mfupi wa Jeshi la Polisi ukionya kwamba kusambaza picha na video za kuzua taharuki ni kosa. Idadi ya waliokufa ikawa jambo la kubishaniwa, na Novemba hiyo hiyo Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, iko mbali na barabara za Dar es Salaam, lakini nayo ilizimiwa. Watu wa huku wanalima alizeti, mtama na uwele, wanafuga ng'ombe na kuku, na mwishoni mwa Oktoba wanasafisha mashamba wakisubiri mvua za kwanza. Asiyewajua anaweza kudhani kwamba kwao mtandao ni anasa. Hajui kwamba bei ya alizeti siku hizi huulizwa kwenye grupu la WhatsApp, kwamba ndugu wa mgonjwa aliyepelekwa rufaa Dodoma hupashana habari kwa ujumbe wa sauti, na kwamba mwanafunzi wa chuo hupokea taarifa zake zote kwa simu. Hayo yakikatika kwa siku tano, hasara inaingia ndani ya nyumba.

Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo wa Mungaa, na kwa kila anayefanana naye kuanzia Iramba hadi Mtwara. Swali lake ni la haki kabisa: serikali ina mitambo, ina sheria na ina polisi, mimi mwenye simu moja na jembe nifanye nini? Jibu langu ni hili. Kazi kubwa ya mwananchi katika kupinga kufungiwa habari ni kuweka kumbukumbu sahihi, yenye tarehe, saa na shahidi, kisha kuifikisha panapostahili kabla muda haujapita. Anayezima mtandao hutegemea sana usahaulifu wetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo hupotea vivyo hivyo.

Mamlaka ya kuzima yanatoka wapi

Kampuni za simu nchini hufanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kampuni inayokaidi agizo inaweka leseni yake rehani. Ndiyo maana agizo moja likitoka juu, laini zote huitikia kwa saa chache.

Juu ya sheria hiyo yakaongezwa mengine. Mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayomtisha anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 zilikuja Kanuni za Maudhui Mtandaoni, zilizomtaka hata mwenye blogu ndogo alipe zaidi ya shilingi milioni 2 kwa maombi, leseni na ada ya mwaka. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums lilijifungia kwa muda kwa sababu ya kanuni hizo. Mwaka 2020 zilitungwa kanuni mpya, na siku moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 Twitter na WhatsApp zikaanza kugoma.

Tangu hapo mwendo umekuwa wa kasi. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa kwa siku 30. Tarehe 20 Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, mtandao wa X ulifungiwa. Tarehe 6 Septemba 2025 TCRA ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Watu wa Mungaa wana sababu nyingine ya kulifuatilia jambo hili. Kata yao imo katika jimbo la Singida Mashariki, ambalo mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alilishikilia bungeni tangu mwaka 2010 hadi 2019. Aprili 2025 alishtakiwa kwa uhaini, na pamoja na shtaka hilo akafunguliwa kesi ya kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Agosti mwaka huo Mahakama ya Kisutu ikapiga marufuku kurusha kesi yake moja kwa moja, kwa hoja ya kulinda mashahidi. Uwe unamuunga mkono au unampinga, ni vyema uone jinsi maneno yaliyotamkwa mkutanoni na kurushwa YouTube yanavyoweza kuishia kizimbani, na jinsi wapiga kura wake wa zamani walivyonyimwa nafasi ya kusikiliza wenyewe.

Lipi ni halali, lipi si halali

Tuseme ukweli wote. Serikali ina wajibu wa kuwakamata matapeli wa mtandaoni, wanaosambaza picha chafu za watoto na wanaochochea watu wauane. Hakuna mzazi wa Mungaa anayetaka mambo hayo yaachwe. Lakini mwizi akiingia sokoni anakamatwa mwizi; soko zima halifungwi kwa siku tano na wenye mboga wakaambiwa wanyamaze.

Ukitaka kupima agizo lolote la kufunga habari, uliza maswali matatu. Je, kuna sheria iliyo wazi, na aliyetoa agizo ametajwa ndani yake? Je, lengo ni la kulinda watu, au ni la kumlinda kiongozi asikosolewe? Je, hakukuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo? Agizo likishindwa hata swali moja, una haki ya kulipinga.

Msingi wako ni Katiba. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa maoni, wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yako na kwa jamii. Ibara ya 26 inakuruhusu kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba yenyewe. Nje ya mipaka yetu, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa Azimio la Misingi ya Uhuru wa Kujieleza mwaka 2019, likizitaka nchi zisikate mawasiliano ya intaneti. Machi 2024 Tume hiyo ikapitisha azimio mahususi kuhusu kuzima mtandao nyakati za uchaguzi. Tanzania ni mwanachama wa Umoja wa Afrika, ambao Tume hiyo ni chombo chake. Si maneno ya wageni.

Kwanza, tambua kilichofungwa

Usikimbilie kulalamika kabla hujajua tatizo. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani, na wapo walioapa kwamba ni njama. Ilikuwa hitilafu. Anayeita kila hitilafu udhibiti atapuuzwa siku udhibiti wenyewe utakapokuja.

Kufungiwa kuna sura tatu. Ya kwanza ni kuzimwa kote: hakuna ukurasa unaofunguka kwa laini yoyote, ingawa kupiga simu na SMS vinaweza kuendelea kwa sababu havipiti njia ya data. Ya pili ni kufungiwa jukwaa moja: magazeti yanafunguka, barua pepe inakwenda, ila X au JamiiForums haifunguki. Ya tatu ni kupunguzwa kasi: maandishi yanapita kwa shida, picha na video zinazunguka tu bila kufika. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuithibitisha, kwa sababu kila mtu hudhani ni simu yake.

Kwa hiyo jaribu laini mbili za kampuni tofauti. Muulize jirani. Mpigie ndugu aliye mkoa mwingine, na kama una mtu Nairobi au Kampala, muulize kama kwake ukurasa huo huo unafunguka. Dakika kumi za kuuliza zitakupa jibu ambalo hata wakili atalitumia.

Pili, fungua daftari

Nunua daftari la kawaida la shule na peni isiyofutika. Simu inaweza kuchukuliwa, kuibwa au kuishiwa chaji. Daftari linakaa kabatini. Mtandao ukikatika, andika papo hapo, usingoje wiki ipite. Andika mambo sita: tarehe na saa, mahali ulipo, laini ulizojaribu, kilichogoma na kilichofanya kazi, hasara uliyoipata, na shahidi aliyekuwepo. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Alhamisi, 30 Oktoba, saa 2:10 asubuhi, Mungaa. Laini ya kwanza: simu inapigika, SMS inakwenda, WhatsApp haifunguki. Laini ya pili: vivyo hivyo. Menyu ya kutuma pesa inafunguka. Nina bando la wiki la shilingi 5,000, nililinunua tarehe 27, linaisha tarehe 3. Mnunuzi wa alizeti wa Singida mjini hutuma bei kwa WhatsApp. Leo hakuna bei, magunia 6 hayajaondoka. Shahidi: kijana wa bodaboda aliyekuja kuyachukua."

Tazama jinsi maneno machache yanavyobeba mengi. Kuna saa, kuna kiasi cha pesa, kuna mtu aliyeona. Hakuna matusi, hakuna siasa, hakuna kukisia. Ukurasa wa namna hii, ukiwa na sahihi yako, unaweza kuambatanishwa na kiapo mahakamani. Wakiandika watu ishirini wa kata moja, kila mmoja kwa maneno yake, inakuwa ushahidi wa jamii.

Wakala wa pesa za simu ana nafasi ya pekee hapa. Tayari anatunza daftari la miamala kila siku. Aongeze mstari mmoja: idadi ya wateja waliorudi bila kuhudumiwa na sababu yake. Mwenye duka la dawa za mifugo, mwalimu, mhudumu wa zahanati na fundi simu wafanye hivyo hivyo, kila mtu katika kazi yake. Muuguzi asiandike jina la mgonjwa wala ugonjwa wake; inatosha kuandika kwamba ushauri uliokuwa uje kwa picha haukufika na mgonjwa akasafirishwa.

Usisahau bando. Ulilipia huduma na hukuipata. Peleka malalamiko kwa kampuni yako, omba namba ya kumbukumbu, iandike. Wasipokujibu au jibu lisiporidhisha, peleka kwa TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati mjini Dodoma. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kumsemea mteja. Shilingi 5,000 ni ndogo, lakini malalamiko mia moja yenye namba ni rekodi ambayo kampuni haiwezi kusema haikuiona.

Tatu, tunza picha katika uasili wake

Ukishuhudia tukio na ukapiga picha, faili la kwanza ndilo lenye thamani. Ndani yake kuna tarehe, saa na mara nyingine mahali. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ubora na taarifa hizo hupotea. Kwa hiyo usiikate, usiipambe, usiandike juu yake. Nakili faili lenyewe kwenye kadi ya kumbukumbu na uihifadhi mahali pengine, kisha andika kwenye daftari ulikuwa wapi ulipoipiga na ulisimama upande gani.

Kupiga picha ni jambo moja, kuisambaza ni jambo jingine. Picha ya marehemu si yako peke yako. Ni ya mama yake pia. Sura ya kijana aliyekuwa kwenye maandamano inaweza kumpeleka kijana huyo mahabusu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na heshima yetu kwa wafu na majeruhi ni ya zamani kuliko sheria hiyo. Mpe ushahidi wako wakili, tume ya uchunguzi au mwandishi unayemwamini. Usiutupe kwenye grupu la watu 500 usiowajua.

Nne, usiwe mbebaji wa uongo

Mtandao ukizimwa, uvumi hufunga safari. Mtandao ukirudi, video za zamani za nchi nyingine husambazwa kama za jana. Kila video ya uongo humpa mwenye kufunga sababu ya kufunga tena, na humdhuru aliyeumia kweli, kwa maana ushuhuda wake utatiliwa shaka.

Kabla ya kusambaza, jiulize nani aliiona kwa macho yake, wapi na lini. Sikiliza lugha na lafudhi ndani ya video. Angalia namba za magari na mabango ya maduka. Ukikosa jibu, iache. Na ukitoa maoni, yaonyeshe kuwa ni maoni: "nadhani", "kwa mtazamo wangu". Ukitoa habari, taja ulikoitoa. Tahadhari hii ni ya ukweli kwanza, na pili ni ya usalama, kwa sababu sheria ya mwaka 2015 haimtazami tu aliyetunga uongo. Anayeuchapisha anaweza kukumbwa pia.

Kumbuka pia kwamba laini yako ni jina lako. Tangu usajili wa alama za vidole, kila namba imefungwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ifungiwe haraka, kwa maana ujumbe utakaotoka kwenye namba hiyo utahesabiwa kuwa wako.

Kuhusu VPN, yaani programu za kupita vizuizi vya mtandao, wengi huuliza. Kanuni za mwaka 2020 zinamtishia adhabu anayetumia teknolojia ya kufikia maudhui yaliyokatazwa, na Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao hadi kufikia tarehe 30 mwezi huo. Naiona kanuni hiyo kuwa kandamizi, lakini sitakuficha kwamba ipo. Ijue kabla hujaamua. Na jihadhari na programu za VPN za bure: nyingine huishi kwa kuuza taarifa za watumiaji wake.

Tano, andaa njia nyingine za habari mapema

Andika kwenye karatasi namba za simu za watu muhimu: watoto walio mbali, mwenyekiti wa kijiji, zahanati, wakala, mnunuzi wa mazao. Wengi wetu hatujui kwa kichwa hata namba ya mke au mume. Jifunze kutuma pesa kwa menyu ya nyota na alama ya reli badala ya programu ya simu, kwa sababu menyu hiyo haihitaji data. Weka redio yenye betri. Idhaa za Kiswahili za BBC na DW zimewahi kuwa dirisha la mwisho kwa watu wengi wa Afrika Mashariki vyombo vya nyumbani viliponyamaza.

Njia iliyo bora zaidi iko karibu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Hudhuria. Uliza swali, kisha hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari pamoja na jibu lake. Kijiji kilichozoea kumuuliza mtendaji fedha za zahanati zimekwenda wapi hakitashindwa kumuuliza mbunge aliyekuja kuomba kura kwa nini mtandao ulizimwa. Asiyekuwapo na lake halipo, na hilo huanzia kwenye mkutano wa kijiji.

Sita, omba taarifa kwa barua

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni sheria nzuri inayokufa kwa kutotumiwa. Barua haihitaji wakili. Ifanye fupi, uliza mambo yanayojibika, mfano:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu, TCRA. Yah: Maombi ya taarifa. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kata ya Mungaa, wilaya ya Ikungi. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba: (1) nakala ya agizo lililosababisha huduma ya intaneti kusitishwa kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, (2) cheo cha aliyelitoa, (3) kifungu cha sheria kilichotumika, (4) utaratibu wa wateja kufidiwa mabando yao. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Peleka kwa mkono ugongewe mhuri kwenye nakala yako, au tuma kwa rejista ya posta utunze risiti. Wanaweza kukataa kwa hoja ya usalama wa taifa, maana sheria ina mlango huo. Hata hivyo barua ya kukataa ni ushahidi kwamba uliuliza, na ukimya wa siku 30 nao ni ushahidi. Kwa Halmashauri ya Ikungi unaweza kuuliza jambo la karibu zaidi: huduma zipi za wananchi zilikwama siku hizo, na zilichukuliwa hatua gani.

Saba, ukiitwa polisi

Usikimbie na usiende peke yako. Mjulishe ndugu na kiongozi mmoja unayemwamini. Uliza unatuhumiwa kwa kosa gani. Omba kuwasiliana na wakili kabla ya kutoa maelezo, na usisaini karatasi ambayo hujaisoma au hujasomewa. Simu ikichukuliwa, dai hati inayotaja aina yake na namba zake, iliyosainiwa. Andika jina na namba ya askari na saa ya kila jambo.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo hadi vijijini; ofisi ya ustawi wa jamii wilayani inaweza kukuelekeza kwao. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika nao wamesimamia kesi nyingi za aina hii. Na usikate tamaa kwa hukumu ya kwanza. Bob Chacha Wangwe alitiwa hatiani Kisutu mwaka 2017 kwa chapisho la Facebook kuhusu Zanzibar; mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo.

Nane, wahini mahakamani, tena pamoja

Hapa ndipo daftari linapolipa. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, ili anayefungua shauri la kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani kuyapinga mabadiliko hayo, na walifanya vyema. Lakini liwepo au lisiwepo sharti hilo, jaji humsikiliza kwa makini zaidi mtu aliyeumia na anayeweza kusema ni lini, wapi na kiasi gani. Mkulima wa Mungaa mwenye ukurasa wa tarehe 30 Oktoba ana nguvu ambayo shirika la Dar es Salaam halina.

Muda nao ni mfupi. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha hupokea mashauri ya mwananchi ndani ya miezi miwili tu tangu tendo litokee au tangu alijue. Ni mahakama hiyo hiyo ambayo Machi 2019, katika shauri la Baraza la Habari Tanzania na wenzake, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2023. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko Arusha, lakini kwa kuwa mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuwaruhusu watu binafsi kufungua mashauri humo, mwananchi hawezi kuifikia moja kwa moja. Kwa hiyo kila tukio linapotokea, mlango wa miezi miwili usiuache ufungwe ukiwa bado unajadiliana na nafsi yako.

Wenzetu wamejaribu na wameshinda. Zimbabwe, Januari 2019, Mahakama Kuu ilitangaza kuzimwa kwa mtandao kuwa batili kwa sababu waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka hayo. Ndiyo maana barua yako inauliza cheo cha aliyeagiza. Togo, Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema mwaka 2020 kwamba kuzimwa kwa mwaka 2017 kulikiuka haki, ikaamuru walalamikaji walipwe fidia. Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha mawasiliano ya kuudhi kilichokuwa kikiwafunga waandishi na wakosoaji. Kenya, Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuizuia serikali isikate mtandao shauri likiendelea. Hata kwetu, ada za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 zilipunguzwa mwaka 2022, na vifungu vya mwaka 2018 vilivyofanya kuwa kosa kupingana na takwimu za serikali viliondolewa mwaka 2019. Serikali husikia inapoulizwa na watu wengi kwa muda mrefu.

Ndugu msomaji, usingoje uchaguzi mwingine. Wiki hii nunua daftari, andika namba zako kwenye karatasi, tafuta jina la msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe, na uliza mkutano ujao wa kijiji chako ni lini. Kama una kumbukumbu yoyote ya siku zile tano, iandike leo kwa uaminifu, weka tarehe ya leo unapoandika, na mwombe aliyekuwa nawe aandike yake. Habari za nchi hii ni mali ya wananchi wake. Tuzidai kwa ukweli, kwa maandishi na kwa pamoja.